Naomba ushauri: kufundisha wanachuo wenye viwango tofauti vya elimu

Ndugu wanajamvi, ninafundisha umeme wa majumbani katika chuo cha maendeleo ya wananchi mkoani Dodoma. Darasani nina waliomaliza darasa la saba, wa kidato cha nne, na akina mama wanaokuja na watoto wao. Kwa vitendo hawapishani sana. Kanuni ya Ohm, yaani kupata mkondo wa umeme kwa kugawanya volti kwa ukinzani, ndiyo inayowatenganisha, kwa kuwa baadhi hushindwa kugawanya desimali ingawa nyaya huziunga vizuri kuliko wenzao. Nimejaribu kuwapanga wawiliwawili, lakini aliyesoma zaidi hufanya hesabu zote huku mwenziwe akitazama. Mvua zikianza mahudhurio hupungua, nami siwalaumu, maana shamba la alizeti ndilo ada yenyewe. Je, ninyi mnapangaje makundi, na aliyekosa majuma kadhaa mnamsaidiaje bila kuwachelewesha wengine?