Limfoma: nani atobolewe uboho, nani aachwe?

Tezi_Kavu:
Wakuu, heshima kwenu. Kila limfoma (saratani ya chembe za limfu) ikigundulika, mgonjwa anaandikiwa biopsi ya uboho (sindano ya nyonga ya kutoa majimaji na kipande cha mfupa) kwa mazoea tu, hata kama majibu ya PET-CT (picha ya mwili ambapo sehemu zinazokula sukari nyingi huwaka) yako mezani. Chukulieni wagonjwa watatu. A: limfoma ya Hodgkin, PET imeuwasha uti wa mgongo wote sawasawa, hemoglobini 8.5. B: limfoma ya seli B kubwa, uboho haukuwaka popote. C: limfoma ya folikula, tezi za kinena upande mmoja, anapangiwa mionzi peke yake. Nani atobolewe?

Hadubini:
C atobolewe. B kwa masharti.

A mwache. Hodgkin iliyopigwa PET-CT haihitaji biopsi ya uboho. Makubaliano ya Lugano ya 2014, mwongozo wa kimataifa wa kupima limfoma, yako wazi hapo. Kuwaka sawasawa kwa kawaida si saratani: damu imepungua, mwili una homa ya ugonjwa, uboho unachapa kazi na kula sukari zaidi. Sindano za kupandisha chembe nyeupe nazo huleta picha hiyohiyo, kwa hiyo uliza kama alichomwa karibuni. Cha kutilia shaka ni madoa, moja kwenye pingili, jingine kwenye paja. Hodgkin hukaa kwa mafungu, ndiyo maana sindano ya nyonga inaweza kutoka safi na ugonjwa upo kiunoni.

B: madoa yangewaka, yangetosha kumweka hatua ya 4 (ugonjwa umesambaa nje ya tezi) bila kumtoboa. Hayakuwaka, basi kinachoweza kujificha ni limfoma ya polepole, kiasi kidogo. Jiulize biopsi itabadilisha nini. Wa hatua ya 3 atapata R-CHOP (mchanganyiko wa dawa za saratani) ileile. Wa hatua ya 1 anayetaka kupunguziwa mizunguko, huyo mtoboe kwanza.

C ndiye mwenye hasara kubwa ukikosea. Seli za folikula hujipanga kwenye kingo za vijimhimili vya mfupa, chache, hazili sukari nyingi, na PET inazipita. Zikionekana kwenye kipande cha mfupa, ugonjwa ni hatua ya 4, na mionzi ya kinena peke yake haimponyi tena. Angekuwa na tezi mwili mzima na mpango ni kumwangalia tu, nisingemgusa.

Tezi_Kavu:
Shukrani mkuu. Na pasipo PET kabisa, CT tu?

Hadubini:
Hapo biopsi inarudi kwa walio wengi. Hodgkin ya hatua ya 1 au 2, isiyo na homa, jasho la usiku wala kukonda, na picha ya damu ni nzuri, bado unaweza kumwacha.

Kuna wengine ambao PET haiwaokoi: mwenye chembe za damu zilizoshuka bila sababu, limfoma ya Waldenström (utambuzi wenyewe unatoka kwenye uboho), limfoma ya bandama isiyo na tezi ya kukata, limfoma za Burkitt na ya limfoblasti, zinazokua kwa kasi.

Jamshidi11:
Naongezea upande wa sindano, maana biopsi iliyoamuliwa vizuri huharibikia hapo. Ganzi ifike kwenye utando wa mfupa, eneo pana kama sarafu, si ngozi tu. Mvuto wa kwanza wa majimaji ya uboho usizidi mililita 1, ndio wa slaidi (vioo vya hadubini). Ukivuta zaidi unapata damu. Mvuto wa pili uende kwenye chupa ya EDTA (kizuia damu kuganda). Kipande cha mfupa kikatwe kupitia tundu lilelile la ngozi ila sentimita moja pembeni kwenye mfupa, la sivyo kitajaa damu ya mvuto. Lenga sentimita 2 za uboho. Gegedu na gamba la mfupa havihesabiki. Pleteleti (chembe za kugandisha damu) chache peke yake hazizuii, gandamiza muda mrefu zaidi. Dawa za kuzuia damu kuganda ndizo za kuulizia mapema.

Kwa C usitegemee majimaji. Folikula hushikwa na nyuzi, haitoki kwenye bomba, slaidi zinasoma safi na kipande kina ugonjwa. Na bomba likitoka kavu, viringisha kipande taratibu juu ya slaidi mbili kabla ya kukitia kwenye fomalini. Kikishaingia humo, huna tena seli za kusoma siku hiyo.