Kumkagua ng'ombe wa maziwa kwa macho na mikono kabla ya kununua: tuanzie wapi?

Mfugaji_Rungwe:
Wakuu, habari za kazi. Natafuta ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, nitakayemfugia bandani. Nimeonyeshwa wawili: mtamba mwenye mimba ya miezi sita, na ng'ombe wa uzao wa pili anayekamuliwa. Wauzaji wote wanasifia ukubwa wa kiwele na mishipa ya maziwa chini ya tumbo, ila kumbukumbu za maandishi hawana. Nikague nini, na kasoro ipi ya kukataa papo hapo, ipi ya kuvumilia?

KiweleKwanza:
Ndugu, anza na huyo anayekamuliwa, na kiwele chake ukione mara mbili: kabla ya kukamua na baada. Majaji wa ng'ombe wa maziwa kule Marekani hukipa kiwele alama 40 kati ya 100, na wana haki, maana kano inayoshikilia kiwele ikishalegea haina tiba.

Simama nyuma yake. Katikati ya kiwele uone mfereji unaotenganisha kulia na kushoto. Mfereji huo unaonyesha kwamba kano ya katikati, ile inayobeba sehemu kubwa ya uzito wa kiwele, bado ina nguvu. Ikilegea, mfereji unafutika, kiwele kinashuka chini na chuchu zinaanza kutazama nje. Kwa uzao wa pili, sehemu ya chini ya kiwele iwe juu ya goti la nyuma walau kwa upana wa kiganja. Kikiwa chini ya goti katika umri huo, mwache. Kitapigwa na miguu akitembea, kitalala kwenye tope na samadi, na ugonjwa wa kiwele hautamtoka. Kisha hamia ubavuni: kiwele cha mbele kiungane na tumbo taratibu, kisiwe na shimo kana kwamba kimebandikwa.

Chuchu ziwe nne, zinalingana, zimeelekea chini, urefu wa sentimita 5 hadi 6. Za sentimita 3 utazikamua kwa vidole viwili tu, mkono utachoka na maziwa yatabaki ndani. Chuchu ya tano ndogo iliyojitenga inavumilika. Iliyoota ubavuni mwa chuchu kubwa inasumbua.

Sasa mwombe mwenye ng'ombe amkamue mbele yako. Matone ya kwanza ya kila chuchu yaangukie kwenye kikombe cheusi: mabonge, maji au damu ni ugonjwa. Ukiweza kupata dawa ya CMT (kipimo cha maziwa cha kugundua ugonjwa wa kiwele), pima kila chuchu peke yake, kwa sababu ugonjwa uliojificha hauonekani kwa macho. Akimaliza kukamuliwa, shika kiwele. Kizuri kinasinyaa, ngozi inakunjamana na kuwa laini. Kikibaki kikubwa na kigumu vilevile, hicho ni nyama au makovu, si maziwa. Bonyeza kila robo (sehemu ya kiwele yenye chuchu yake) moja baada ya nyingine, na ukikuta uvimbe mgumu ndani ujue robo hiyo iliwahi kuugua.

Nenda jioni na urudi asubuhi inayofuata. Kuna wauzaji wanaoacha kukamua ili kiwele kijae na kivutie mnunuzi. Ukishuhudia mikamuo miwili mfululizo, hila hiyo haina nafasi.

KwatoNaNyonga:
Naunga mkono, ila hiyo mishipa ya maziwa isikupumbaze. Huongezeka unene kadiri ng'ombe anavyozidi kuzaa, na uhusiano wake na lita ni dhaifu. Ng'ombe mzee mwenye mshipa mnene anaweza kuzidiwa na wa uzao wa kwanza.

Mimi hutazama miguu kabla ya yote. Wa bandani anasimama kwenye sakafu ngumu muda mrefu, kwa hiyo mguu mbaya unamwondoa mapema. Mtembeze hatua ishirini kwenye ardhi tambarare. Mguu wa nyuma utue karibu na alama ya ule wa mbele. Akipiga hatua fupi au kupinda mgongo anapotembea, ana maumivu. Mguu wa nyuma uliopinda mno kama mundu unabebesha kisigino uzito, na ulionyooka kabisa unaumiza kiungo cha goti. Kwato iwe fupi na kisigino kirefu. Iliyorefuka tu inapunguzwa, hiyo vumilia. Goti la nyuma lililovimba kwa kulala kwenye saruji pia huenda likapona akiwekewa matandiko, kuchechemea sikubali.

Kisha nyonga. Ukitazama ubavuni, mifupa ya makalio iwe chini kidogo ya mifupa ya nyonga, sentimita chache tu. Makalio yakiwa juu, uchafu wa uzazi hautiririki vizuri baada ya kuzaa na mimba inayofuata inachelewa. Upana nao ni muhimu, ndiyo njia ya ndama.

Kuhusu unene: kwa kipimo cha 1 (amekonda) hadi 5 (amenona mno), anayekamuliwa akiwa 2.5 hadi 3 yuko sawa. Mbavu mbili tatu kuonekana si njaa. Mwogope zaidi aliyenona huku akitoa maziwa kidogo. Uliza alizaa lini na amepandwa lini. Kama amezaa miezi kumi iliyopita na hana mimba, pengine ndiyo sababu anauzwa.

Mfugaji_Rungwe:
Asanteni sana wakuu. Na huyo mtamba, kiwele bado kidogo. Namsomaje?

MtambaBora_Nakuru:
Ndugu yangu, mtamba ni kubahatisha zaidi, kwa hiyo mwone mama yake kama yupo, maana kiwele kinarithiwa. Uliza pia mimba ni ya dume gani. Kama alipandishwa kwa mrija, yaani kwa mbegu bila dume, mhimilishaji anapaswa kuwa ameandika namba ya dume.

Fungua mdomo. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka kati ya miezi 18 na 24. Mwenye mimba ya miezi sita na meno yote ya utotoni huenda alipandwa mdogo mno, na kuzaa kutamsumbua. Wakati wa kupandwa awe na karibu asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mkubwa, na akizaa karibu 85. Mpime kwa utepe wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele.

Chuchu hata sasa zinaonyesha nafasi yake: ziwe mbalimbali na zilingane. Shika ngozi ya ubavu. Iwe nyembamba na itelezeke. Mtamba aliyenoneshwa kupita kiasi kabla ya kubalehe hujaza mafuta kwenye kiwele na maziwa hupungua.

Mimba usiikubali kwa maneno. Mtaalamu wa mifugo aingize mkono athibitishe umri wake kabla hujatoa pesa, na siku hiyohiyo achukue damu ya kupima brusela (ugonjwa unaotoa mimba) kwa wote wawili.