Naombeni ushauri: filamu ya kuchekesha kuhusu kifo, nitazame na mzee wangu

Kitinda Mimba (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Mzee wangu anaumwa na madaktari wamesema wazi kuwa dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Yeye mwenyewe hana neno. Ni mtani wa kuzaliwa: juzi muuguzi kamuuliza anajisikiaje, akajibu, "Kama maiti aliyechelewa usafiri." Mimi na yeye tukacheka, dada zangu wakanuna.

Sasa, kuna mambo lazima tumuulize akiwa bado na akili zake. Mashine ya kupumulia anaitaka? Afie nyumbani au hospitali? Kila nikigusa hapo dada mkubwa anasema namchuria baba. Mzee anapenda filamu, nikawaza tutafute ya ucheshi inayohusu haya, maongezi yafuate. Isimdhihaki mgonjwa. Ipi inafaa?

Jicho Kavu
Death at a Funeral ya 2007, ile ya Waingereza. Jeneza linafika nyumbani, wanafunua, maiti si wao! Utavunjika mbavu.

Bi Mkubwa
Inachekesha, sikatai. Lakini pale mwenye kifo amekwisha kujifia, wanaochekwa ni wafiwa na aibu zao. Mzee wako ataingilia wapi? Tafuta ambayo anayekufa ndiye mwenye utani.

Mimi ningeanza na The Barbarian Invasions ya Denys Arcand, ya Kanada, 2003, iliyopata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Rémy ni profesa wa historia, mpenda wanawake, mbishi, anakufa kwa saratani. Mwanawe ana pesa London na hawaelewani. Kijana anakuja, anahonga huku na kule mpaka baba anapata chumba kwenye ghorofa tupu ya hospitali, halafu anawalipa wanafunzi wa zamani wa baba waje kumjulia hali. Walipwe! Hapo nilicheka huku nikiona haya. Marafiki wa zamani wanakusanyika, wanasimangana kuhusu siasa na ujana wao, na mgonjwa ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote.

Tahadhari: mwishoni Rémy anaichagua mwenyewe siku ya kuondoka, kwa msaada wa wengine. Itazame peke yako kwanza.

Nahodha
Kama ni kuchagua siku, basi The Farewell Party ya Israel, 2014. Mzee mmoja kwenye makazi ya wazee Jerusalem anaunda mashine ya kumwezesha rafiki yake anayeteseka kukatisha uhai wake. Siri inavuja, wengine wanaanza kuja na maombi. Na huyohuyo mvumbuzi, mwanzoni tu mwa filamu, anampigia simu bibi mgonjwa akijifanya Mungu, amtie moyo aendelee na matibabu!

Bi Mkubwa
Nzuri sana, ila si ya kuanzia. Baadaye mke wa huyo mzee anaanza kupoteza kumbukumbu, na kicheko kinakukwama kooni. Dada zake mleta mada wakiikuta kwenye runinga watasema kijana ameleta mashine nyumbani.

Mpole wa Kati
Hao dada wape The Farewell ya Lulu Wang, 2019. Ukoo mzima unamficha bibi kuwa ana saratani, wanapanga harusi ya haraka ili wapate kisingizio cha kwenda kumuaga. Haiwasuti wanaoficha, ndiyo maana wataivumilia.

Kauli Moja
Filamu za nini? Mtu akishajiita maiti aliyechelewa, mlango kaufungua mwenyewe. Muulize.

Kitinda Mimba
Kauli Moja, nikiwa naye peke yangu ningeweza. Bi Mkubwa, ile ya Kanada si Kifaransa? Macho ya mzee hayasomi tena maandishi ya chini.

Bi Mkubwa
Kaa karibu umsomee, itakuwa na raha yake. Akitia neno, simamisha filamu, usikimbilie kumaliza. Igawe mara mbili, wagonjwa huchoka. Na akisema anachotaka kuhusu mashine ya kupumulia, arudie mbele ya daktari na dada zako, kiandikwe kwenye faili lake. Usiku wa dharura kila mtu hukumbuka lake.