MREJESHO: Fedha za mafunzo ya uongozi kwa wasichana, Kigoma

Habari zenu wapendwa. Niliuliza hapa kikundi chetu kitapata wapi fedha za kuwafundisha uongozi wasichana wa sekondari na kina mama wa mwalo wa Kibirizi, pale samaki wanaposhushwa. Wengi mlisema niende halmashauri, nikaenda.

Dada wa maendeleo ya jamii alinyoosha maelezo: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarejeshwa. Sasa binti akijifunza kusimama na kuongea mbele za watu, marejesho yatatoka wapi? Mkopo huo tumewaachia wenzetu wa biashara ya dagaa.

Aliyetaja Women Fund Tanzania, ubarikiwe. Wale wanatoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake. Andiko la kuomba ruzuku tumeshatuma, majibu bado.

Kilichotutoa jasho ni bajeti. Tuliandika "usafiri" kwa jumla; yule dada wa halmashauri akapitisha kalamu nyekundu. Nani anatoka Ujiji, nani Mwandiga, nauli ya daladala shilingi ngapi, chai ya watu wangapi? Kwenye matokeo napo hakutaka "kuwawezesha wanawake" tupu. Sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, basi tukaandika kwamba wetu tunawaandaa kugombea hadi uenyekiti.

Na wewe uliyenifuata pembeni ukidai ada ya kuharakisha ruzuku, hela hiyo hatuna, ndugu yangu.