Mjadala: Mchele ulioletwa kwa ndege uliisaidia Karnali au uliidhoofisha?

Kila Karnali inapotajwa, hoja moja hurudiwa: kwamba eneo hilo la milimani, kaskazini-magharibi mwa Nepal, halijawahi kujilisha, na kwa hiyo serikali inatenda haki inapolipelekea mchele wa ruzuku. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo naipinga. Nusu ya pili naikubali kwa masharti.

Historia ndiyo inayosahauliwa. Bonde la Sinja, katika wilaya ya Jumla huko Karnali, lilikuwa makao ya dola ya Khasa Malla kati ya karne ya 12 na ya 14, dola iliyotawala hadi sehemu za Tibet magharibi. Lugha ya Kinepali, inayotumika leo katika ofisi zote za Kathmandu, chimbuko lake ni huko huko. Jumla ilitekwa na Gorkha, ufalme uliounganisha Nepal, mwaka 1789, na kilichokuwa kitovu kikageuka pembezoni. Watu waliosimamisha dola ya namna hiyo hawakuwa wakingoja chakula kutoka kwingine.

Walilima shayiri, ulezi, phapar (aina ya ngano nyeusi, yaani "buckwheat"), na nafaka ndogo ziitwazo chino na kaguno, ambazo huvumilia baridi na ukame. Hata mpunga upo: ule mwekundu uitwao marsi, unaolimwa kando ya mto Tila hadi karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Simulizi za wenyeji husema mbegu yake ililetwa kutoka Kashmir na mtawa Chandannath, ambaye hekalu lake lipo Khalanga, makao makuu ya Jumla. Tarehe 12 ya mwezi wao wa Chaitra, mwishoni mwa Machi, wakulima huilowesha mbegu hiyo kwa siku nne, kisha huifunga na kuiweka penye joto ndani ya nyumba hadi ichipue, kwa kuwa nje bado kuna baridi kali, na ndipo huimwaga kitaluni. Anayeilea mbegu hivyo hawezi kuitwa mtu asiyejua kilimo. Nafaka ilipopungua, palikuwa na misafara ya mbuzi na kondoo iliyoshusha chumvi ya Tibet ikabadilishwa kwa chakula, biashara iliyofifia baada ya mpaka kubanwa na chumvi ya India kuenea.

Kisha ukaja mchele mweupe. Shirika la Chakula la Nepal lilianzishwa mwaka 1974, na magunia yakawa yanarushwa kwa ndege hadi viwanja vya milimani kama Simikot, katika wilaya ya Humla. Sehemu kubwa iliishia makao makuu ya wilaya, ambako mtumishi wa serikali alikuwa jirani wa ghala, ilhali mwanakijiji alitembea siku nzima na zaidi kuufuata mgao. Kinachoniuma zaidi ni heshima iliyopotea: wali ukawa chakula cha wenye hadhi, na dhido, ugali wao wa nafaka za kienyeji, ukaonekana chakula cha maskini.

Najua kuna atakayesema kwamba ukame unapounguza mazao mtoto hashibishwi na historia. Ana haki, nami sisemi ghala lifungwe. Nasema ghala linunue kwanza chino, kaguno na marsi kwa wakulima wa Jumla, Humla na Mugu, kwa bei inayowafaa, na mchele wa nje uletwe kuziba pengo tu. Barabara ya kutoka Surkhet, huko chini bondeni, hadi Jumla, yenye urefu wa kilomita zipatazo 232, inapitisha lori la kushuka sawasawa na lile la kupanda.

Mahali ninapohitaji michango yenu ni hapa: familia nyingi za Wadalit wa Karnali, watu wa matabaka yaliyobaguliwa tangu zamani, zina ardhi kidogo mno au hazina kabisa, na ghala likinunua nafaka za wenyeji, fedha zitamfikia mwenye shamba kwanza. Je, mgao wa bei nafuu ubaki kwa ajili yao peke yao, au serikali ianze na kuwapatia mashamba?