Mke wangu Mfilipino anataka turudi kwao "kulipa deni la nchi". Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Muheza:

Wakuu habari za leo. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Niko Muscat, Oman, mwaka wa kumi na mbili, nafanya kazi stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Mke wangu ni muuguzi, Mfilipino wa Iloilo. Tulifunga ndoa 2014, tuna mtoto wa kiume wa miaka tisa.

Nianze na sifa zake maana anastahili. Siku ya mshahara anakaa mezani na bahasha. Ya kwanza si ya kodi wala chakula, ni ya mama yake. Ya pili ni ada ya chuo ya mdogo wake wa mwisho. Zetu zinafuata. Mtoto naye ana kibubu, wenyewe wanakiita alkansya, na akitumwa dukani chenji anaihesabu mbele ya mama yake hadi baisa ya mwisho. Desemba wana ibada ya siku tisa kabla ya Krismasi, Simbang Gabi. Tangu nimjue hajakosa hata siku moja, hata akiwa ametoka zamu ya usiku macho yamevimba.

Sasa tatizo. Shangazi yake ndiye aliyemsomesha uuguzi, alikuwa mtumishi wa ndani Hong Kong. Wao wana neno, utang na loob, yaani deni la moyoni ambalo hulimalizi kwa pesa. Nilizoea kuliona likielekezwa kwa shangazi na mama. Mwaka huu limehamia kwa nchi. Anasema amewauguza watu wa mataifa yote isipokuwa wa kwao, na anataka arudi kwenye kituo cha afya cha serikali karibu na kijiji chao. Mshahara haufiki nusu ya anaopata hapa. Anataka tuondoke ili mtoto aanze shule Juni, mwaka wao wa masomo unapoanza.

Juni 12 mwaka jana, siku yao ya uhuru, nilimwona mwanangu amesimama na wenzake wa shule ya Wafilipino, mkono kifuani wakati wa wimbo wa taifa, kisha akaitamka Panatang Makabayan yote bila kukwama. Ile ni ahadi ya wanafunzi ya kuipenda nchi. Nilijivunia, na palepale nikaogopa. Huyu mtoto Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

Je, huu ni uzalendo kweli au ni ndugu wanamvuta? Na mimi nikimfuata nitakuwa nani kule? Nawasilisha.

Baharia_Mstaafu:

Pole mkuu. Nimefanya kazi meli moja na Wafilipino miaka kumi na minne, nitakwambia nilichokiona.

Watu husema wamezaliwa na nidhamu ya pesa. Si kweli. Baharia wa Kifilipino anabanwa na kanuni za serikali yake: asilimia 80 ya mshahara wake wa msingi lazima iende nyumbani kupitia benki. Wenzetu wa mataifa mengine tulipokuwa tunamaliza posho bandarini, wao walikuwa wamebaki na kiasi cha sabuni na vocha. Miaka ikipita, kanuni inageuka kuwa tabia. Nina wivu nayo hadi leo, kwa sababu mimi niliporudi Tanga nilikuwa na redio na masanduku mawili.

Ila kuna upande wa pili. Serikali inawaita bagong bayani, mashujaa wapya. Jina zuri, lakini shujaa haruhusiwi kuchoka. Nilikuwa na bosun mmoja, yaani msimamizi wa mabaharia, wa miaka 58 bado anapanda meli. Watoto wake walishamaliza shule, sasa alikuwa anasomesha wa dada yake. Alikuwa hawezi kusema hapana, kwa kuwa kukataa ni hiya, aibu inayomrudia mtu mwenyewe na ukoo mzima.

Kwa hiyo kabla hujauliza uzalendo, uliza akiba. Mkirudi, ile bahasha ya kwanza itatoka wapi? Kama mdogo wake anamaliza chuo mwaka huu, hesabu ni nyingine kabisa.

Kidume_Asilia:

Mkuu, mwanaume hamfuati mke kwao. Mlete Muheza, wauguzi tunawahitaji na sisi. Deni la nchi anaweza kulilipa hata kwa kuwa mke mwema.

Dada_wa_Laguna:

Kaka Asilia, kwa heshima, hapo siungi mkono. Mama wa watu ameishi ugenini miaka yote hii, naye mumewe vilevile. Hakuna aliyemfuata mwenzake, wamekutana njiani.

Kaka wa Muheza, mimi nimeolewa huku Ufilipino, niko mkoa wa Laguna mwaka wa tisa, nilikuja kusoma kilimo Los Baños nikabaki. Nikuambie mambo ambayo mkeo huenda hakuambii kwa sababu kwake ni hewa tu.

La kwanza, neno disiplina. Usilitumie ovyo mbele ya wakwe. Rais Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi 1972, kaulimbiu ilikuwa kwamba ili nchi iendelee, kinachohitajika ni nidhamu. Baba mkwe wangu alikuwa mwanafunzi wakati ule. Anakumbuka barabara zilivyokuwa safi, na anakumbuka rafiki yake wa bweni aliyechukuliwa usiku. Februari 1986 alikuwa miongoni mwa walioandamana wakajaa barabara ya EDSA ya Manila siku zile nne hadi Marcos akaondoka. Ukimuuliza nidhamu ni nini, anakujibu: kusimama siku nne bila kurusha jiwe. Wapo majirani zake wanaomsifu Marcos mpaka kesho. Kwa hiyo usitegemee kukuta uzalendo wa aina moja, utakuta watu wanagombana juu yake mezani, halafu wanapakuliana wali.

La pili, wao wenyewe wanajisema sana. Wana msemo ningas kugon, moto wa majani ya kugon, unawaka kwa kishindo kisha kimya. Sisi tungesema nguvu ya soda. Ukisikia mkeo anaogopa ningas kugon yake mwenyewe, ujue analifikiria jambo kwa uzito. Mwulize amelibeba wazo hili tangu lini. Ukikuta ni miaka mitano, si moto wa majani.

La tatu, namna ya kuuliza. Usimwulize mbele ya ndugu zake kwenye video. Atakubali chochote ili asimwaibishe mtu, na wewe utadhani mmeelewana. Neno "ndiyo" kwao mara nyingine ni adabu tu. Kaa naye peke yenu usiku, uliza, kisha nyamaza. Ukimya wake wa kwanza usiujaze na maneno.

Na usisahau ardhi. Kwa Katiba yao ya 1987 mgeni hamiliki ardhi. Mtoto wako ni raia kwa upande wa mama, yeye anaweza. Wewe hutaweza. Nyumba mtakayojenga itasimama kwenye kiwanja chenye jina la mkeo. Mimi hilo lilinisumbua sana mwanzoni, na nilikosea kunyamaza miaka miwili. Liseme sasa, kwa upole.

Mwl_Mstaafu:

Ndugu yangu, nimefundisha uraia miaka thelathini. Dada wa Laguna amesema mengi ya maana, naongeza kuhusu mtoto tu.

Hiyo ahadi aliyoitamka mwanao niliwahi kusomewa na padri Mfilipino aliyekuwa parokiani kwetu. Nilimwomba anitafsirie. Mtoto anaanza kwa kusema anaipenda Ufilipino, ndiko alikozaliwa, inamlinda, inamsaidia awe na nguvu. Halafu, katika toleo la zamani alilonisomea padri, yanakuja maneno bilang ganti, kwa kurudisha. Na kinachorudishwa kwanza si kufa vitani. Ni kusikiliza ushauri wa wazazi, kisha kufuata kanuni za shule, kisha ndiyo wajibu wa raia. Yaani nchi imewekwa kwenye foleni ileile ya mama na shangazi. Mkeo hajahamisha deni, alifundishwa hivyo tangu darasa la kwanza.

Sisi kwenye ahadi za TANU tulikariri kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na kwamba cheo ni dhamana. Ahadi nzuri mno. Lakini niliowafundisha na wakazishika ni wale ambao nyumbani walimwona mtu akizitenda. Mwanao anamwona mama na bahasha. Wewe anakuona na nini? Sikulaumu, nauliza. Kiswahili hakitamfikia kwa hofu yako, kitamfikia ukimsemesha kila siku, ukimpigia bibi yake Muheza, ukimfundisha shikamoo sambamba na ile salamu yao ya heshima, mkono wa mkubwa anaouweka kwenye paji lake la uso.

Msomee pia habari za Apolinario Mabini. Alikuwa hawezi kutembea, akawa waziri mkuu wao wa kwanza 1899. Wamarekani walioitwaa nchi walipomtaka aape utii alikataa, wakampeleka uhamishoni kisiwa cha Guam 1901. Miaka miwili baadaye akakubali kuapa ili arudi. Alifika nyumbani, na Mei 1903 kipindupindu kikamchukua. Nimewasomesha wanafunzi habari hiyo mara nyingi na kila darasa liligawanyika: alishindwa, au alipenda nyumbani kuliko heshima yake?

Mtoto_wa_Muheza:

Wakuu, asanteni sana. Mwalimu, swali lako la "wewe anakuona na nini" nililisoma nikiwa kazini, nikatoka nje.

Jana usiku nilifanya kama dada alivyoelekeza. Niliuliza, nikanyamaza. Ilikuwa muda mrefu. Kisha akasema wazo hili analo tangu 2019, mwaka shangazi yake alipofariki. Zahanati ilikuwepo, muuguzi hakuwepo. Mpwa aliyesomeshwa na mgonjwa huyo alikuwa hapa Muscat, zamu ya usiku, anampima presha mtu mwingine. Miaka yote hajawahi kuniambia kwa sababu aliogopa nitaona ananilaumu kwa kuwa mimi ndiye niliyemwomba mwaka ule asikate mkataba.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau.

Kuhusu hesabu, mdogo wake anamaliza chuo Machi ijayo, kwa hiyo bahasha ya pili inakufa. Tumekubaliana waondoke Mei, mimi nibaki hadi mkataba uishe Desemba niweke akiba, kisha nifuate. Neno la ardhi nimelisema, sauti ilitetemeka lakini nimelisema. Amesema kiwanja kitaandikwa jina la mtoto akifikisha umri. Sijui kama inawezekana kabla ya hapo. Dada wa Laguna, naomba nikutumie ujumbe faragha kuhusu hilo.

Na tangu leo asubuhi naongea na mtoto Kiswahili tu. Amenijibu kwa Kiingereza mara zote. Naendelea.