Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye mkusanyiko, nini kilikukaribisha na nini kilikurudisha nyumbani?

Nuru ya Jioni
Ndugu zangu, jana tulikuwa tukipanga mkusanyiko wetu wa tarehe 17 Mei, siku ambayo mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa. Mjitolea mmoja akauliza kama viti tulivyokodi vina mikono au havina. Wenzangu waliendelea na ajenda nyingine, lakini mimi sikusikia tena lililosemwa, kwa sababu swali lile lilinirudisha kwenye mkusanyiko wangu wa kwanza.

Mimi ni mwanamke mnene ninayempenda mwanamke mwenzangu. Siku ile mlangoni palikuwa na bango lililosema kwamba kila mtu anakaribishwa, na nililisoma mara mbili kwa furaha. Ndani, viti vyote vilikuwa vya plastiki, vyenye mikono, vyembamba. Nilisimama ukutani kwa saa mbili nikiwaambia watu kwamba mgongo unauma, na walionihurumia walidhani naona haya. Niliondoka kabla ya mapumziko, na sikurudi kwa mwaka mzima. Naomba kila mmoja aeleze lililomkuta, ili sisi tunaoandaa tujue.

Kifundo
Viti, dada, nakubaliana nawe kabisa. Mimi nilirudishwa na mpiga picha aliyesimama mlangoni.

Fundi Cherehani
Kwangu ilikuwa fulana. Waliokuja kwenye maandamano walipewa fulana bure, na iliyo kubwa kuliko zote haikupita kifuani pangu, ndipo mjitolea akaniambia kwa upole niiweke begani kama mtandio. Nilitembea njia nzima nikiwa na shati langu nililotoka nalo nyumbani, na walionipita walinichukulia kuwa mtazamaji aliyejichanganya na waandamanaji. Mwaka uliofuata nilikwenda na cherehani. Ukiipasua fulana ubavuni na kuongeza kipande cha upana wa kiganja kila upande, unapata takriban saizi mbili zaidi bila kuyagusa maandishi ya kifuani, na kazi yenyewe haimalizi nusu saa kwa mtu aliyezoea.

Kazi ya mikono si jambo geni katika harakati hizi. Bendera ya kwanza ya upinde wa mvua, aliyoibuni Gilbert Baker huko San Francisco mwaka 1978, ilitiwa rangi na kushonwa na wajitolea wapatao 30. Ilikuwa na rangi 8, na ile ya waridi iliyokolea iliondolewa baadaye kwa sababu kitambaa chake hakikupatikana kwa wingi. Nimeikumbuka habari hiyo mara nyingi nikiwa mezani kwangu, kwa maana aliyenipa ile fulana hakunichukia hata kidogo. Mwaka ule hakuna aliyeagiza saizi yangu, basi.

Ndugu Mkweli
Nasoma kwa heshima, lakini naomba niulize bila kuzunguka. Tumekuja kuzungumzia watu wanaofukuzwa nyumbani, wanaopigwa, wanaokamatwa kwa sababu ya wanaowapenda. Unene ni jambo jingine. Tukichanganya kila dhiki ndani ya chungu kimoja, anayetusikiliza kwa mara ya kwanza atajua tunadai nini?

Daftari
Ndugu Mkweli, swali lako ni la haki, na lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1967 watu wapatao 500 walikusanyika katika bustani ya Central Park, New York, kupinga namna watu wanene wanavyotendewa. Miaka michache baadaye, wanawake wa Los Angeles waliunda kundi la harakati lililoitwa Fat Underground, na miongoni mwao walikuwamo waliowapenda wanawake wenzao, akiwamo Judy Freespirit. Tamko lao lilitoka Novemba 1973. Mwezi uliofuata, Desemba 1973, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kiliyatoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya maradhi. Watu wanene na wapenzi wa jinsia moja, wote walikuwa wakibishana na mtaalamu aliyejipa haki ya kumtazama mtu kwa dakika tano na kumwambia kwamba alivyo ni ugonjwa. Sijui tungezitenganishaje dhiki hizo kwa mtu anayebeba zote mbili katika mwili mmoja.

Ndugu Mkweli
Nimekuelewa kuhusu historia. Bado nina wasiwasi wangu, kwa sababu nimemzika ndugu yangu kwa ugonjwa wa kisukari, na sitaki neno «kujikubali» limfanye mtu aache kwenda kupimwa.

Pete ya Shaba
Pole sana kwa msiba huo, ndugu yangu. Naomba nikueleze ni nini hasa kinachomfanya mtu aache kwenda kupimwa.

Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia. Katika mkusanyiko wangu wa kwanza waandaaji waliweka meza ya afya, na nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa na uvimbe chini ya kwapa ulionikosesha usingizi kwa wiki kadhaa, na sikuwa na daktari niliyemwamini. Muuguzi hakuniuliza nimekuja na tatizo gani. Alinitaka nipande mizani mbele ya foleni nzima, akausoma uzito wangu kwa sauti, kisha akasoma kwenye fomu jina nililopewa utotoni, nalo kwa sauti ile ile. Nikashuka na kuondoka. Uvimbe ule ulitazamwa miezi saba baadaye, na namshukuru Mungu ulikuwa mdogo.

Kipimo cha uzito kwa urefu (BMI), kinachotumika kuamua nani amezidi uzito, kilitokana na hesabu za Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Hakukusudia kupima afya ya mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Kuhusu lile jina, hata orodha za magonjwa zimebadilika: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ambayo haiwaweki tena watu kama mimi kwenye sura ya magonjwa ya akili. Meza ya afya iwepo, naiunga mkono kwa moyo wote. Mizani ikae nyuma ya pazia, na mtu aulizwe kwanza anaumwa wapi na anapenda kuitwa nani.

Daftari
Mwaka 1998 Marekani iliposhusha hadi 25 mpaka ambao juu yake kipimo hicho humhesabu mtu kuwa na uzito uliozidi, mamilioni ya watu walilala wakiwa na uzito wa kawaida, wakaamka wakiwa wamezidi, bila kuongezeka hata gramu moja.

Ndugu Mkweli
Pazia nalikubali. Hilo sikulifikiria.

Kimya Kingi
Kifundo alipomtaja mpiga picha wa mlangoni, niliweka simu chini, nikairudia baada ya saa nzima. Nimekaa na jambo hili miaka mitatu.

Nilikuwa na umri wa miaka 26. Nililizunguka jengo mara nne kabla ya kuingia, na nilipoingia nilikaa karibu na kijana ambaye hata jina lake sikulijua. Aliponiona natetemeka alinishika mkono, hakuna zaidi ya hapo. Baadaye tukawa tunacheka kwa jambo lililosemwa jukwaani, na mtu akapiga picha. Waandaaji waliiweka mtandaoni usiku ule kwa nia njema, wakaandika kwamba ukumbi ulijaa furaha. Asubuhi ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo wetu.

Picha ilinionyesha nimeegemea nyuma, shati limepanda, tumbo liko wazi, mkono wangu ndani ya mkono wa mwanamume. Binamu yangu aliandika chini yake mambo mawili, la kwanza kuhusu tumbo na la pili kuhusu mkono. Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoifungua, kabla sijaelewa kwamba siri yangu imetoka, nilichokiona ni tumbo, na nikalivuta shati nililokuwa nimelala nalo kana kwamba bado kulikuwa na nafasi ya kulifunika. Nilikuwa nimeuonea aibu mwili wangu kwa miaka mingi mno, hata siku ile aibu ikatangulia hofu. Hofu ilikuja dakika moja baadaye, simu ya baba ilipoanza kuita.

Baba hakupaza sauti. Aliuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi, akakata simu, na tangu siku ile hatujazungumza. Kaka yangu alikuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Nililala wiki tano sakafuni kwa mmoja wa waandaaji wale, ambaye aliniomba msamaha kila asubuhi mpaka nikamsihi aache. Sasa nasikia mkusanyiko mwingine unakuja, na sijui kama niende.

Kifundo
Nimesoma nikalia. Pole sana, ndugu yangu.

Upepo wa Kusi
Pole sana, na lililofanyika lilikuwa kosa. Hata hivyo naomba tusifike mahali pa kupiga marufuku picha zote. Watu waliotembea New York tarehe 28 Juni 1970, mwaka mmoja baada ya ghasia za Stonewall, baa ya wapenzi wa jinsia moja mjini humo iliyovamiwa na polisi, tunaziona nyuso zao leo kwa sababu kulikuwa na kamera. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana wa miaka 15 mahali ambapo sikumjua mtu hata mmoja aliyefanana nami, na picha moja ya watu wawili wanene, wazee, wameshikana mikono bila kujificha, ndiyo iliyonifanya nitamani kuishi mpaka uzee.

Pete ya Shaba
Upepo, uso unaotaka uonekane ni wako au wa mwenzako? Nchi zaidi ya 60 bado zinayaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa sheria, na picha huvuka mpaka bila kuulizwa hati. Ushujaa wa mtu hauwezi kulipwa kwa kodi ya nyumba ya mwingine.

Upepo wa Kusi
Ni wangu, dada, na nimeshaulipia. Naomba usinifikirie vibaya.

Pete ya Shaba
Basi nisamehe kwa ukali wangu. Kisa cha huyu ndugu kimenichoma.

Fundi Cherehani
Nitashona tepe. Mwenye utepe wa njano apigwe picha, mwenye mwekundu asipigwe, na asiyechukua utepe wowote ahesabiwe kuwa na mwekundu. Hilo la mwisho ndilo muhimu, kwa maana aliyekuja kwa mara ya kwanza huwa hata meza ya tepe haioni.

Mzazi Msikivu
Wanangu, mimi ni mama, na naandika nikiwa upande wa wale waliokosea. Binti yangu aliponiambia kwamba anampenda mwanamke, nilimjibu kwamba akipungua atapata mume. Ndivyo nilivyosema, kwa sentensi hiyo moja, na nilidhani namfariji. Tangu utotoni nilikuwa nimemhesabia kila alichokula, nikiamini kwamba unene wake ndio unaomzuia kuwa na maisha niliyomtakia, hivyo hata alipoufungua moyo wake nilisikia habari za unene tu. Hakuja nyumbani kwa miaka miwili.

Aliyenitoa hapo ni mzazi mwingine, ambaye alinisimulia habari za Jeanne Manford, mwalimu wa shule ambaye mwaka 1972 alitembea na mwanawe katika maandamano ya New York akiwa na bango la kuwahimiza wazazi waungane na watoto wao. Vijana walimkimbilia barabarani wakimwomba azungumze na wazazi wao. Machi 1973 ukafanyika mkutano wa kwanza wa wazazi, na waliohudhuria walikuwa kama 20 hivi. Nilifarijika kwamba walikuwa wachache kiasi hicho, kwa sababu sisi tulipoanza tulikuwa watatu.

Kimya Kingi mwanangu, siwezi kukuahidi chochote kuhusu baba yako. Ukipenda, na ukipenda tu, naweza kuzungumza naye mzazi kwa mzazi, nimweleze ile miaka miwili ilikuwaje upande wangu. Nadhani naye huiangalia simu yake usiku.

Kifundo
Nenda, kaka. Ukikaa nyumbani watakuwa wamekufungia mara mbili.

Daftari
Asiende mpaka awe na mahali pa uhakika pa kulala na mtu mmoja anayejua yuko wapi. Hamu ya kuonekana isitangulie usalama.

Upepo wa Kusi
Aende na mwavuli mkubwa. Nasema kwa upendo, lakini pia kwa dhati: hakuna kamera inayopenya mwavuli, na mimi nitaushika.

Ndugu Mkweli
Nilianza mjadala huu nikisema kwamba unene ni jambo jingine. Baada ya kusoma kuhusu lile shati naliondoa neno langu. Kuhusu kwenda au kutokwenda, asikilize moyo wake, wala asimsikilize mtu yeyote humu, mimi nikiwa wa kwanza.

Nuru ya Jioni
Nimempigia aliyetukodisha viti. Ana viti visivyo na mikono, vipana, na vinatosha ukumbi mzima isipokuwa safu mbili, ambazo nitaziweka mbele kwa wanaohitaji mikono ya kuinukia, kwa kuwa Daftari alinikumbusha faraghani kwamba wapo. Hakutakuwa na mpiga picha mlangoni. Mizani haitakuwapo kabisa ikiwa pazia halitapatikana. Fundi, nahitaji tepe 150, nyekundu ziwe nyingi zaidi.

Kimya Kingi, ukija nitakuwekea kiti karibu na mlango wa nyuma, na kando yake nitaacha kiti kitupu.

Kimya Kingi
Cha karibu na mlango, dada, tafadhali. Mama Msikivu, nipe wiki moja nifikirie kuhusu namba ya baba. Utepe nitauchagua siku hiyo hiyo.